Mfereji, uwanja na maji ya Oli: shajara ya mradi wa seli moja jijini Arua

Hii ni shajara ya kazi inayofanyika katika seli moja, yaani mtaa mdogo, ya kata ya Tanganyika, upande wa Oli, Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Anayeandika ni katibu wa kamati ya mradi. Kila hatua ikikamilika naongeza maandishi ili seli nyingine zichukue zinachokihitaji: vipimo, bei, na hasa pale kazi ilipokwama. Kuchimba, kuchanganya zege na kupanga mawe kila fundi anakujua, huko sitakawia. Bei zote ni shilingi za Uganda, na usafiri umo ndani yake. Aliye Mbale au Jinja apunguze kidogo kwenye saruji kwa kuwa yuko karibu na viwanda vya Tororo. Sisi mfuko unatufikia ukiwa umeshavuka daraja la Pakwach kwenye Mto Nile.

3 Februari 2024. Tulichokikuta

Seli imelala kwenye mteremko, juu barabara ya moramu (udongo mwekundu wa changarawe), chini kijito. Katikati kuna safu za vyumba vya kupanga, msikiti, kisima cha pampu, uwanja wa vumbi ambao watoto huchezea mpira, na mfereji wa udongo wenye upana wa sentimita 40 na kina hichohicho. Mvua kubwa ikinyesha mfereji unafurika na maji yanaingia vyumbani. Wapangaji ni wachuuzi wa sokoni, vijana wa boda, na familia zilizotoka Sudan Kusini na Kongo zikaona heri kupanga mjini kuliko kukaa kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp au Imvepi. Wengi wao hawamo kwenye daftari la LC1, baraza la serikali la ngazi ya chini kabisa.

Ndiyo maana tulianza kwa kuhesabu kaya, chumba kwa chumba, kwa utaratibu ambao vikundi vya akiba vya hapa vilijifunza enzi za TSUPU, mpango wa kuboresha makazi ya maskini wa mijini, ule ulioigusa miji mitano: Arua, Jinja, Kabale, Mbale na Mbarara. Daftari la kaya lina faida moja kubwa. Ukiingia nalo ofisini, hakuna anayeweza kukuambia kwamba watu hao hawapo.

Baada ya watu, maji. Yanayotufikia yanatoka kwenye eneo la hekta 3 hivi. Kanuni ya wahandisi ni nyepesi: zidisha hekta kwa ukali wa mvua (milimita kwa saa), zidisha tena kwa ile sehemu ya mvua isiyonywewa na ardhi, kisha gawa kwa 360. Kwetu sisi, mabati na udongo uliokanyagwa ukawa mgumu, sehemu hiyo tuliiweka 0.7. Mvua ya kupangia, yaani ile kali tunayotaka mfereji uimudu, tuliiweka milimita 90 kwa saa. Jibu ni mita za ujazo 0.525 kwa sekunde. Mfereji wa 40 kwa 40 kwenye mwinamo wa asilimia 1, hata ukijengewa mawe, unapitisha kama 0.17 tu, yaani theluthi moja. Wazee waliokuwa wakisema "tufukueni taka, maji yatapita" walijibiwa kwa tarakimu. Taka zilikuwepo, na kavera (mifuko ya plastiki) tele, lakini hata mfereji huo ungefagiliwa kama sebule usingetosha.

18 Februari. Simu ilipandisha maji mlima

Ramani ya kwanza ilichorwa kwa simu. Mahali pa nyumba na njia palikuja vizuri, kosa lake ni mita 3 hadi 5, na kwa kuchora vichochoro hilo linavumilika. Balaa ilikuwa kwenye kimo. Kwa mujibu wa simu, maji yalipaswa kutoka kijitoni na kupanda mpaka msikitini. Kimo cha simu kinakosea kuliko hata mahali, na mita zetu 60 za kwanza zinashuka sentimita 60 tu. Kosa la chombo lilikuwa kubwa kuliko kitu kilichopimwa.

Dawa ni mpira wa maji wa mafundi: mpira mwembamba unaoona ndani, mita 20, shilingi 25,000, na fito mbili zenye tepu ya kupimia. Maji ya ncha mbili yanakaa sawa popote ulipo, unasoma tofauti kwenye fito, unapiga kigingi kila mita 10. Tahadhari moja: povu la hewa ndani ya mpira linaharibu kipimo na huwezi kulishuku mpaka hesabu zikatae. Usijaze mpira kwa kumimina kwa kikombe. Weka ndoo juu ya meza, vuta maji kwa mdomo mpaka yaanze kutiririka yenyewe, acha yatiririke kidogo ndipo uinue ncha.

Kipimo hicho kilifichua jambo ambalo hakuna aliyelijua. Karibu na lango la msikiti kuna kigongo cha udongo kilichopanda sentimita 18 juu ya mstari wa mfereji. Watu walikuwa wakimlaumu mwenye nyumba wa chini kwamba ameziba, kumbe maji yalikuwa yanagonga kigongo na kurudi.

9 Machi. Ramani ya majivu

Mkutano wa kwanza wa usanifu haukuzaa kitu. Kamati ilichapisha picha ya setilaiti kwenye karatasi kubwa (60,000), ikaitundika ukutani saa nane mchana. Picha inaonyesha mabati, na mabati yote yanafanana. Wenye macho dhaifu walikaa nyuma wakinyamaza. Na saa nane akina mama wako sokoni, kwa hiyo waliochangia ni wanaume wachache waliotaka kujua nani atapata zabuni ya mawe.

Mkutano wa pili ulifanyika kisimani, alfajiri, kwenye foleni ya madumu. Tulichora seli nzima chini kwa majivu, kila mtu akasimama mlangoni kwake na kuanza kusahihisha. Mpango ulibadilika pale pale. Mahali tambarare kando ya kisima, ambapo mchoro ulikuwa na miti na viti, ndipo muhogo unapoanikwa kiangazi. Kivuli hapo ni hasara. Njia ya kisimani isiwe na ngazi hata moja, kwa sababu maji hubebwa kwa baiskeli na toroli. Kisha Hajati mmoja anayeuza mkaa pale kona akafuta kwa mguu ukuta mfupi uliokuwa kwenye mchoro nyuma ya uwanja. "Wanangu, hapa usiku hatupiti. Mkijenga ukuta, hata mchana hatutapita." Ukuta ukaondoka. Ulikuwa umewekwa kwa ajili ya kupendeza, sina sababu nyingine ninayoweza kuitaja.

Vibali: barua ya mwenyekiti wa LC1, kisha afisa mipango wa jiji na afisa mazingira. Msidhani kamfereji hakahitaji mchoro. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 imeifanya Uganda yote kuwa eneo la kupangwa, vichochoro vyetu vikiwemo. Ofisi moja iliomba "mafuta ya kuja kukagua". Tuliwaletea boda, tukawarudisha kwa boda, na risiti yake imo daftarini.

Ardhi ndiyo ilikula muda. Mfereji mpana unadai kila kiwanja kitoe ukanda wa sentimita 30 au zaidi. Kila aliyekubali aliandika karatasi mbele ya LC1 na mashahidi kutoka kwa majirani wa pande zote mbili. Mwenye nyumba mmoja anayeishi Kampala alikataa kwa simu, kwa maneno ambayo sitayaandika. Mfereji ukakunjwa mara mbili kuzunguka kiwanja chake.

6 Aprili. Mita 60 za mawe

Ramadhani ilianza tarehe 11 Machi, kwa hiyo kazi ilikuwa baada ya swala ya alfajiri mpaka saa tano. Mafundi wasiofunga walikula mbali na eneo la kazi bila kuambiwa. Mita 60 za juu, zile zilizobanwa kati ya nyumba, zimekamilika kabla ya Idi.

Upana wa ndani ni sentimita 80, kina 50, kuta za mawe, mota ya mchanga nne kwa saruji moja. Kwa ukubwa huo na mwinamo wa asilimia 1 unapitisha karibu mita za ujazo 0.59 kwa sekunde, juu kidogo ya tunachohitaji. Saruji mifuko 70 kwa 41,000 ni 2,870,000. Mawe tripu 8 za lori dogo, 1,200,000. Mchanga tripu 3, 360,000. Fundi kwa mita 15,000, jumla 900,000. Vibarua wa kuchimba 300,000. Jumla 5,630,000, sawa na 94,000 kwa mita. Fedha zilitoka kwenye kikundi cha akiba, michango ya wenye nyumba, na ruzuku ndogo ya shirika moja.

Tulianzia juu kwa sababu mkutano mkuu uliamua hivyo. Vilio vilikuwa vingi zaidi juu.

28 Aprili. Mvua ya kwanza

Vyumba vya juu vilibaki vikavu, watu wakapiga vigelegele. Wakati huohuo, chini, mfereji mpya wa mawe ulikuwa unamwaga maji yote kwa kasi kwenye mfereji wa zamani wa 40 kwa 40. Vyumba vitatu ambavyo havijawahi kuingiwa na maji viliingiwa mpaka kimo cha kitanda. Zamani maji yalichelewa juu, yakisambaa na kutuama kwenye nyua za watu. Mateso ya watu wa juu ndiyo yaliyokuwa yakiwalinda watu wa chini. Mawe yaliondoa kule kuchelewa.

Usiku ule vijana walijaza magunia mchanga na kukata njia ya dharura kuelekea uwanjani. Fidia ya magodoro na posho (unga wa mahindi) iliyolowa, pamoja na magunia, ilifika 260,000.

Kwa hiyo atakayeiga kazi hii asifuate mpangilio wetu wa tarehe. Anzeni kwenye mdomo wa mfereji, pale unapomwaga, kisha pandeni juu. Mkutano utapinga, kwa sababu anayelia yuko juu na fedha inaonekana kuzikwa vichakani kwa mwezi mzima bila chumba hata kimoja kukauka. Waonyesheni ukurasa huu.

Tatizo la pili lilikuwa kwenye yale makunjo mawili. Maji yakikimbia hayakunji kona vizuri: yalipanda ukuta wa nje wa kunjo na kumwagikia kwenye vyumba vya yuleyule mwenye nyumba wa Kampala. Wiki iliyofuata alipiga simu mwenyewe kutoa ukanda.

25 Mei. Mdomo

Mfereji unafika kijitoni ukiwa juu ya maji kwa mita 1.2. Maji yanayoanguka kimo hicho kwenye udongo yanachimba korongo, na korongo hupanda kurudi nyuma mpaka liumeze mfereji wenyewe. Fundi alitaka mteremko wa zege laini. Tulikataa, maana zege laini huongeza kasi na kuhamisha shimo mita mbili mbele. Tukachagua gabioni, yaani makasha ya waya yaliyojazwa mawe, zilizopangwa kama ngazi, ili maji yapoteze nguvu kila daraja. Makasha manne ya waya ya mita 2 kwa 1 kwa 1, kila moja 180,000, ni 720,000. Mawe tripu 3 za ziada tukitumia na mabaki ya juu, 450,000.

Mara ya kwanza makasha yaliwekwa moja kwa moja juu ya udongo wa mfinyanzi. Baada ya mvua mbili kali kasha la chini likainama. Mawe yanapitisha maji, na maji yanayopita yalikuwa yakinyonya udongo wa nyuma kidogo kidogo. Kitambaa cha kuchujia kinachouzwa kwa kazi hii kingepaswa kuagizwa Kampala na kusafirishwa kwa basi, tena kwa kipimo kikubwa kuliko tulichohitaji. Tulitengeneza chujio la kienyeji: makasha yakaondolewa, ukamwagwa mchanga wa chembe kubwa, juu yake kokoto ndogo, juu yake kokoto kubwa, unene wote sentimita 15, nyuma na chini. Ukarabati huo ulikula 180,000. Makasha hayajasogea tena.

Sasa mita 50 za chini. Huku hatukutumia mawe. Kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu na kingo za mito zinalinda mita 30 kutoka ukingo wa mto mdogo kama huu, kwa hiyo nyumba hazijasogea sana, na penye nafasi mfereji wa nyasi unatosha. Chini sentimita 80, juu mita 2.4, kina 40, kingo za kulala, ukoka uliobandikwa vipande vipande na vetiva (nyasi za kushika udongo) kwenye mabega. Mwinamo ni asilimia 2. Ukizidi asilimia 3 hivi, nyasi zitang'oka, weka vizingiti vya mawe. Gharama ni 22,000 kwa mita, jumla 1,100,000. Linganisha na 94,000 ya mawe. Mawe yanunuliwe pale tu ambapo ardhi imekwisha.

Ukanda huo ulikuwa na mihogo na sukuma za watu. Sheria ingeturuhusu kuzing'oa. Tulingoja mavuno, kisha tukakubaliana matuta yapandwe upya yakikingama mteremko, juu ya bega la mfereji. Wenye matuta ndio walinzi wa nyasi sasa, na hawalipwi.

30 Juni. Uwanja unaolala chini

Kati ya mawe na nyasi kuna uwanja wa mpira, mita 30 kwa 20. Badala ya kuuzungushia mfereji tumeushusha sentimita 30 ili mvua kali ituame hapo kwanza na kutoka taratibu kwa bomba la zege la milimita 300. Unabeba mita za ujazo 180. Nisiwadanganye kwamba hiyo ni nyingi: mvua ya kupangia inaujaza kwa dakika kama saba, na baada ya hapo maji yanavuka ukingo wa chini na kuingia kwenye nyasi. Lakini vile vilele vya dakika chache ndivyo vilivyokuwa vikiingiza maji vyumbani, na vilele hivyo ndivyo uwanja unavyovikata.

Vijana wa timu walipinga kwa haki. Uwanja wenye tope si uwanja. Tulichimba sentimita 35, tukaulaza asilimia 1 kuelekea kona ya bomba, tukamwaga moramu ya sentimita 5 na kuishindilia. Kuchimba 1,050,000, moramu tripu 5 za lori kubwa 650,000, mabomba manne 260,000. Mvua ikinyesha usiku, jioni ya kesho mpira unachezwa.

Kilichotushinda kukitabiri ni udongo uliotoka. Zaidi ya mita za ujazo 200! Tulitangaza kwamba anayetaka achukue bure, na watu walifurahi, kila mmoja akainua ua wake. Aliyeinua ua akamwelekezea maji jirani ambaye hakuinua. Ndani ya majuma machache malalamiko yaliyofika kwa LC1 yalizidi yale ya kabla ya mradi, na yote yalikuwa na jina la mradi juu yake. Kamati ililipa 90,000 kwa vibarua kushusha tena nyua tatu zilizozidi na kukata njia za maji kati ya nyumba. Udongo uliobaki tuliupanga upande wa juu wa uwanja kuwa ngazi tatu za kukalia, zimeshikwa na ukoka. Zingefanywa hivyo tangu mwanzo. Udongo wa kuchimba uwe na mahali pake kwenye mchoro kabla jembe halijagusa ardhi, na neno "bure" lisitamkwe.

17 Agosti. Slabu

Slabu za kwanza za kuvukia zilikuwa mita 1 kwa 1, unene sentimita 10. Kila moja ni kilo 240 hivi. Zilipendeza, na hakuna aliyeweza kuziinua. Mbele ya msikiti tulikuwa tumefunika mita kadhaa mfululizo, kavera zikanasa humo ndani bila kuonekana, na tulijua pale tu mfereji ulipofurika ukiwa na mfuniko wake. Zikavunjwa. Hasara 340,000.

Slabu mpya: urefu mita 1, upana sentimita 30, unene 8, nondo ndani, vishikio viwili vya nondo vilivyozama ili visimkwaze mtu. Kilo 58, wawili wanainua. Moja ni 28,000. Zimewekwa 24 (672,000), penye vivuko tu. Kwingine mfereji uko wazi na kila mtu anauona.

Yale makunjo mawili yamenyooshwa: 480,000. Juu kabisa tumeongeza shimo la kunasa mchanga wa barabara ya moramu. Fanyeni shimo hilo siku ya kwanza.

12 Oktoba. Mvua kubwa, na vyoo

Agosti mpaka Oktoba ndiyo mvua yenyewe huku West Nile, kanda yetu. Uwanja ulijaa na kukauka kama ulivyochorwa. Chumba kimoja tu kiliingiwa na maji, kwa sababu ya mlango uliojengwa chini ya usawa wa njia.

Lakini asubuhi baada ya mvua ya pili kubwa uwanja ulinuka. Vyoo viwili vya shimo vya nyumba za kupanga vina bomba lililofukiwa ambalo hufunguliwa usiku mvua ikinyesha, kinyesi kikaenda na maji. Ni tabia ya zamani, na si ya hapa tu: shimo likijaa na gari la kunyonya haliwezi kuingia kichochoroni, mwenye nyumba huisubiri mvua. Zamani uchafu huo ulisambaa kila mahali. Sasa mfereji wetu mzuri unaukusanya wote na kuuweka mahali watoto wanapocheza. Kwa maoni yangu hili ndilo pengo kubwa la usanifu mzima. Tulipima mvua, udongo na mwinamo, hatukupima vyoo, ilhali kila aliyepanga hapa alijua. Hata kwenye ramani ya majivu hakuna aliyeligusa, maana mwenye nyumba alikuwa amesimama hapohapo.

Hatua za haraka: baada ya mvua kitambaa chekundu kinafungwa kwenye goli na hakuna kucheza mpaka uwanja ukauke na kumwagiwa chokaa. Hilo ni kiraka tu. Hatua ya kweli ni njia ya gari. Tulipima na kukuta vibanda viwili vikisogezwa, lori la kunyonya linafika umbali ambao bomba lake linaweza kufika kwenye vyoo vyote viwili. Vibanda vimesogezwa kwa makubaliano, vikapewa nafasi bora kando ya ngazi za uwanja. Kile cha roleksi (chapati iliyoviringishiwa mayai) sasa kinauza kuliko zamani. Kunyonya mara moja ni 150,000, na wenye nyumba wameombwa kuweka 5,000 kwa chumba kila mwezi kwa kazi hiyo. Mmoja ameziba bomba lake na analipa. Wa pili anasema bomba si lake.

25 Januari 2025. Miti

Kwa ufupi. Miche ya miembe iliyopandwa Juni ililiwa na mbuzi, ua wa miiba na yote. Mwarobaini hawakuugusa, ndio uliosimama juu ya ngazi za uwanja, mita 3 kutoka ukuta wowote wa mfereji ili mizizi isiubomoe. Sasa ni kiangazi na kamati ya kisima imekataa maji yake yamwagiliwe miti, jambo la haki kabisa. Tumekata kijifereji kutoka chini ya pampu, yale maji yanayomwagika dumu linapojazwa yanateremka hadi kwenye mashina. Pale pa kuanikia muhogo hakuna mti na hautapandwa. Gharama 150,000, miembe iliyoliwa ikiwemo.

22 Machi 2025. Hesabu, na kinachofuata

Ukijumlisha gharama za ujenzi, marekebisho na miti zilizoandikwa hapo juu pamoja na 200,000 ya karatasi, boda na uchapishaji, mradi umekula 12,232,000. Kati ya hizo 1,350,000 ni za kurekebisha: fidia ya Aprili, chujio la gabioni, nyua zilizoinuliwa, slabu zilizovunjwa na kunjo. Karibu nusu ya fedha yote iko kwenye mita 60 za mawe. Aliye na fedha kidogo aanze na mdomo, nyasi na uwanja, aache mfereji wake wa udongo wa juu kama ulivyo mpaka apate.

Matunzo: kijana mmoja analipwa 40,000 kwa mwezi kufukua shimo la mchanga kila baada ya mvua na kupitia vivuko. Fedha hutoka kwenye 1,000 ya kila chumba. Mwezi ambao makusanyo hayakutosha, wenye vibanda vya uwanjani walijazia.

Bomba la choo cha pili limezibwa Februari, baada ya LC1 kuandika azimio na wapangaji wote wa nyumba ile kulisaini, wale wasiokuwa kwenye daftari lake la zamani wakiwa wa kwanza. Kitambaa chekundu bado kinafungwa. Tutakiacha mvua za mwaka huu zote ndipo tuamue.

Seli ya juu, ng'ambo ya barabara ya moramu, imeomba kuunganisha mfereji wake na wetu. Hesabu yetu haikuwa na maji yao. Tumewajibu kwamba kwanza kalvati (bomba kubwa la kupitisha maji) la milimita 600 lipite chini ya barabara, na kwao pia upatikane uwanja au eneo la wazi la kushusha, angalau la ukubwa wa wetu, kabla jiwe la kwanza halijalazwa. Kalvati moja hapa Arua tumeambiwa ni 120,000, bila kufukia. Barabara ni ya jiji, kwa hiyo barua iko kwa mhandisi wa jiji, na mpira wa maji tumewaazima.